Sauti Iliyolala Piyaya

Danieli mwanangu,

Soksi zipo. Vyeti vipo kwenye bahasha ya kaki. Sweta nimeiweka juu kabisa, ingawa umesema Dodoma kuna joto. Basi, hayo yameisha. Sitakuandikia habari ya kula, kufua wala kuamka mapema. Kama hukuyashika nilipokuwa nakupigia kelele kila asubuhi, hutayashika kwa karatasi.

Nakuandikia kwa sababu nina furaha mpaka naona aibu, na siwezi kukupa furaha hii bila kukueleza kwanza jinsi nilivyotaka kuiua kwa mkono wangu.

Wewe sasa uko Endabash, umekwenda kumuaga mjomba wako Safari. Baba yako yuko mbugani, Kreta, na watalii wake, atashuka jioni. Mimi nimefunga studio mchana kweupe, na majirani wanaoona mlango umefungwa siku ya kazi wanadhani kuna msiba. Hakuna msiba. Nimekaa jikoni na chai yangu, naandika kwa kalamu, maana leo sitaki kugusa kitu chochote chenye uwezo wa kufuta. Nikimaliza nitaiweka barua juu ya begi lako, uisome kabla ya kulala.

Sauti ya babu yako imepatikana.

Soma tena kama huamini. Ile slufay aliyokusemea wewe, nzima, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na kikohozi chake kimo.

Unajua ilivyokuwa. Katika nyumba yetu kijana haondoki kwenda kujitegemea bila mzee kusimama akamsemea slufay, baraka yetu ya Kiiraqw: mzee anatoa maneno, waliopo wanaitikia, anatoa mengine, wanaitikia. Babu yako alipoanza kuchoka alijua siku yako haitamkuta. Akaniita Endabash, akaniambia, "Lete hiyo mashine yako ya harusi. Nitamsemea leo, yeye ataondoka siku atakayoondoka." Nikamwekea kinasa sauti uani, ng'ombe wanalia nyuma, naye akasimama na fimbo yake kana kwamba umesimama mbele yake na begi begani. Haukupita muda tukamzika.

Halafu nikaja kukuambia imepotea. Nikakuambia umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, diski ikaungua. Danieli, diski haikuungua. Ni nzima hadi leo, iko studio kwenye droo. Umeme niliusingizia kwa sababu umeme haujibu.

Ukasema, "Si kitu, Mama." Ukatoka nje ukapasua kuni mpaka jioni, kuni ambazo hatukuzihitaji. Nilikuwa dirishani. Kila shoka lilipotua, lilinitua mimi.

Sasa nikueleze ilivyokuwa kweli. Wewe hizo amri za skrini nyeusi unazijua kuliko mimi, na najua ukifika hapa utatabasamu. Tabasamu tu. Mimi nilizijifunza ukubwani, baada ya virusi vya kompyuta kunimaliza, na nilikuwa najivuna nazo. Mjini Karatu ni studio gani nyingine ambayo mama mwenye kilemba anaandika rsync, amri ya kunakili mafaili, bila kutazama vidole?

Nilikuwa na diski mbili, kuu na ya akiba. Kila Jumamosi nililinganisha, kutoka kuu kwenda akiba, na mwishoni mwa amri niliweka --delete, yaani kisichokuwepo kwenye kuu kifutwe na kwenye akiba, zifanane kama mapacha. Nilipenda zifanane. Vitu vya zamani vikibaki kwenye akiba viliniudhi, kama vyombo vya jirani visivyorudishwa.

Ilikuwa Jumamosi yenye harusi. Wenye harusi ya wiki iliyotangulia walikuwa wamejaa studio wanataka video yao, na wa ile ya siku hiyo walikuwa wameshaleta kamera. Shangazi wa bibi harusi, mama mmoja mwenye sauti ya tarumbeta, amenisimamia kisogoni. Umeme ukakatika. Kompyuta ilikuwa na betri, na akiba ililishwa nayo, lakini diski kuu ilikuwa inakula umeme wa ukutani, ikazima. Kwenye kompyuta folda yake ilibaki na jina lilelile, ila ndani hamna kitu. Mlango umesimama, nyumba haipo.

Mimi sikuangalia. Nilitaka nimalize ya Jumamosi nifunge. Sikuandika hata amri yenyewe, nilibonyeza mshale wa juu ikaja, nikapiga Enta huku namjibu shangazi. Kompyuta ikachungulia kwenye kuu ikakuta patupu, ikasema haya, na akiba iwe tupu. Haikuuliza. Kompyuta ni mtumishi mtiifu kupita kiasi: ukimwambia chinja anachinja, haulizi kama ni ng'ombe wa mahari.

Hapa sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Mpaka wakati huo nilikuwa sijapoteza kitu. Diski kuu ilikuwa imezima tu, mzigo wote umo tumboni mwake. Ningeinua mikono, ningetoka nje nikanunua ndizi, umeme ungerudi, ningenakili upya, na leo tungekuwa tunacheka.

Umeme ukarudi. Nikaona akiba ni nyeupe. Yesu wangu! Shangazi akasema, "Mama Studio, kwani vipi? Mbona umebadilika?" Nikamwambia anyamaze, mtu mzima yule, mbele ya watu wake. Kichwani mwangu kulikuwa na neno moja tu, rudisha, rudisha, rudisha. Na nilikuwa nimewahi kurudisha mwezi ule uliopita, nilipoisafisha diski kuu, kwa hiyo amri ya kurudisha ilikuwa bado imo. Mshale wa juu, mshale wa juu, hii hapa. Sikusoma inatoka wapi inakwenda wapi. Enta.

Ilikuwa inatoka akiba kwenda kuu, na mwishoni ina --delete ileile. Nilichukua utupu wa diski moja nikaumwaga kwenye ile iliyojaa.

Harusi za watu, vipaimara, mazishi, ubatizo wako wewe, na sauti ya babu yako. Haraka haraka haina baraka, tunawaimbia watoto kila siku, na mimi baraka yenyewe ndiyo niliyoifuta.

Ungedhani niliishia hapo. Wapi! Kwa aibu, ili shangazi asijue, nikachukua ile kamera ya harusi ya siku hiyo nikaijaza video yake kwenye diski kuu palepale, juu ya makaburi. Fundi wa Arusha aliponipokea baadaye alitikisa kichwa. Alisema kilichofutwa huwa bado kimelala pale mpaka ulaze kingine juu yake, na mimi nilikuwa nimelaza juu yake harusi ya saa nyingi. Alinirudishia vipande: nusu ya kipaimara, picha za mbuzi wa mtu. Sauti ya babu yako ilirudi mkwaruzo mtupu.

Nilikuwa na tumaini moja. Babu yako alipokuwa hai nilimwekea ile slufay kwenye kadi ya memori ya kitochi chake, ile simu yake ndogo ya vitufe, ajisikilize. Nikapanda bodaboda mpaka Endabash, nikafungua kabati, simu ipo, nikaitoa betri. Pale pa memori pana tundu. Mjomba wako Safari akasema hajui. Weee! Nilimwakia. Nilisema wanawe wameichukua wakaijaza miziki yao, nikasema na mengine ya tangu utoto wetu ambayo hayakuhusu memori hata kidogo. Tangu siku ile Safari akawa ananisalimia kwa adabu sana, na ndugu akianza kukusalimia kwa adabu ujue umemuumiza.

Basi nimeishi hivyo. Ulipopata kazi hii ya kompyuta za hospitali nilipiga vigelegele na wewe, halafu nikaenda chooni nikalia, maana siku yako ilikuwa inakuja na mimi sina cha kukupa mlangoni. Ulidhani nalia kwa kuachwa. Na hilo pia lilikuwepo, sikatai.

Wiki iliyopita, ulipokuwa umekwenda benki, Mzee Saning'o akasimama mlangoni mwa studio. Unamkumbuka kwenye mazishi, yule rafiki wa babu yako wa kijiji cha Piyaya, Mmasai mrefu mwenye jicho moja lenye ukungu. Urafiki wao watu wa Endabash hawakuuelewa kamwe, Mwiraqw na Mmasai wanagawana ng'ombe kama watoto wa tumbo moja. Nikampa shikamoo, nikamvutia kiti. Hakukaa.

"Mama Danieli," akasema, "nimeleta ng'ombe ya baba yako."

Nikatoka nje mbio. "Ng'ombe? Umemfunga wapi, mzee? Hapa ni barabarani, mgambo watamchukua!" Natazama kushoto, natazama kulia, naona bodaboda na magari ya watalii tu.

Mzee alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaingiza mkono ndani ya shuka akatoa kitochi chenye mpira umefungwa tumboni, akabonyeza. Na babu yako akaanza kusema humo ndani ya duka langu.

Danieli, nilikaa chini sakafuni. Mtu mzima na kilemba changu, kwenye vumbi. Mteja mmoja wa picha za pasipoti akaondoka taratibu bila kuaga.

Na hapo ndipo nikakumbuka. Siku ile tuliporekodi, babu yako aliniuliza sauti yake itakaa wapi. Nikamwambia kwenye diski. Na diski? Studio. Hakuna nyingine? Ipo, Baba, nayo iko studio, kwenye droo ileile. Akanitazama kama nimemwambia nimeolewa tena. "Ng'ombe wote zizi moja?" akasema. "Kwani wewe ulilelewa na nani?"

Maana yeye mwaka ule wa ugonjwa wa mifugo, kabla sijaolewa, zizi lake la Endabash lilibaki na mavi tu. Kilichotuinua ni ng'ombe wachache aliokuwa amewalaza Piyaya kwa Saning'o, na wa Saning'o nao walilazwa kwetu kwa sababu hiyohiyo. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye ng'ombe hao. Nikamjibu, "Sawa, Baba, nitapeleka nakala mahali pengine," kwa sauti ile unayonijibu wewe nikikuambia uchukue mwavuli. Sikupeleka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu umeshaliona hapo juu.

Babu yako alinijua mtoto wake. Hakusubiri. Alitoa memori kwenye kitochi chake mwenyewe, akaifunga kwenye ncha ya kitambaa, akampa rafiki yake mnadani.

"Aliniambia, huyu mlaze kwako," Saning'o akasema. "Siku kijana anaondoka nyumbani, mrudishe. Binti yangu anaweka vyote zizi moja. Juzi mnadani nikasikia kijana anaondoka. Nimekuja."

"Mzee wangu, mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Hukuuliza. Na ng'ombe aliyelazwa hatangazwi. Majirani watamhesabu."

Ningeuliza vipi? Kumuuliza mtu kama anayo ni kukiri kwamba mimi sina. Niliogopa aibu ya nusu saa, nikabeba simanzi ya miaka. Mtu mwenyewe alikuwa Piyaya, anakula ugali na maziwa, na sauti iko mfukoni mwake! Anasema jioni huwa wanaipiga bomani. Watoto wake hawajui neno hata moja la Kiiraqw, lakini wanajua mahali babu yako anapovuta pumzi, na akivuta tu wao wanaitikia kwa lugha yao, "Naai!", mpaka mbuzi wanashtuka. Babu yako amekuwa akiwabariki watoto wa Kimasai kwa jina la Danieli.

Niliinakili nikiwa nimefunga mlango na simu nimezima. Sikuihamisha, niliinakili. Niliisoma amri kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza: inatoka wapi, inakwenda wapi. Niliifungua kwanza ile inayotoka nikahakikisha kuna kitu ndani. Na --delete sikuiweka, sijaiweka tena tangu siku ile. Kisha nikaisikiliza nakala mpaka mwisho, mzee Saning'o anaitikia, kabla sijaichomoa memori ile kwenye kompyuta. Nikataka kumwachia, nikamwambia asante mzee, ng'ombe ameniachia ndama, mwenyewe abaki kwako. Akairudisha kwenye kitochi, akafunga mpira. "Lazima abaki," akasema. "Maziwa tumeshayazoea."

Safari nimemwomba radhi juzi. Nilikwenda na sukari na majani ya chai, nikapiga magoti kabisa. Akaniinua, akasema, "Dada, siku ile hata mbwa alihama." Tukacheka mpaka tukalia. Sasa ananisalimia ovyo kama zamani, na mimi nimefurahi. Nilimwomba asikuambie kitu leo. Kama amekuambia, nitamalizana naye.

Kwa hiyo, baba. Huko unakokwenda utashika mafaili ya wagonjwa. Ile herufi n, inayoiamuru kompyuta iseme itakachofanya bila kukifanya, unaijua. Ule mkwaju, ile alama ya /, mwishoni mwa jina la folda, ukiwepo unachukua vilivyo ndani, ukikosekana unachukua folda yenyewe, hilo ni wewe uliyenieleza mimi. Sina cha kukufundisha hapo. Kuna mtu atakuwa amekaa kwenye benchi la hospitali akisubiri jina lake liitwe, na jina hilo litakuwa mikononi mwako, basi hilo likumbuke tu.

Mimi ninachokijua ni kitu kingine. Utakosea. Hakuna anayefanya kazi asikosee, na kosa la kwanza mara nyingi halijaua mtu. Ni lile la pili, la kukimbilia kurekebisha ili wasikuone, ndilo linalozika. Muulize baba yako: ugomvi wetu haujawahi kuwa mkubwa kwa neno la kwanza. Siku hiyo ikifika, mwanangu, ondoa mikono. Ikalie kama ni lazima. Mwite mtu, hata yule usiyempenda, umwambie, "Nimeharibu, njoo utazame nami." Kama ningemwambia hivyo shangazi wa tarumbeta, yule mama angepiga kelele, tungepigizana kelele, na katika kelele zile ningeiona diski kuu bado imejaa na nisingegusa kitu.

Na uniambie na mimi. Usiniambie ni umeme.

Nakala yako nimeiweka kwenye flashi, ndani ya soksi za kijivu. Nyingine iko kwa Safari, nyingine hapa, na ng'ombe mwenyewe yuko Piyaya. Tangu wiki iliyopita nalala mpaka jogoo ananishangaa. Baba yako anasema nakoroma. Nakoroma, ndiyo, na niache nikorome.

Limebaki jambo moja, na hili ni la kesho asubuhi kabla ya basi. Tutasimama mlangoni, wewe na begi lako, mimi, baba yako na Safari, ambaye atakuja alfajiri, nami nitaiwasha. Utamsikia babu yako anaanza polepole. Kuna mahali anafika kwenye jina lako. Analitaja, Danieli, anaomba njia ikufungukie, kisha ananyamaza ili aitikiwe. Na hakuna anayeitikia. Siku ile tulikuwa wawili tu uani, na mwitikiaji alikuwa mimi, lakini mimi nilikuwa nimeinamia kinasa sauti natazama kama sauti inaingia vizuri. Unasikia ng'ombe mmoja, unasikia upepo. Halafu unamsikia anacheka kidogo, mzee wa watu, na anaendelea.

Wiki nzima nimekipiga kimya kile tena na tena. Piyaya watoto walikijaza. Hapa nyumbani bado ni kitupu, na ni cha kwetu.

Kesho akilitaja jina lako akanyamaza, itikia, mwanangu, kwa sauti, majirani wasikie. Mimi nitakuwa kando yako, sijainamia kitu, na nitaitikia na wewe.

Mama yako